Mtambo Uliokuwa Ukizima Lamboni

Injini ikizima mbele yako, usiikimbilie na spana. Weka mikono mfukoni kwanza. Hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa nilipoingia karakana ya serikali pale Korogwe, na ndilo ningependa kuwaachia ninyi mliobaki. Juzi nilipopita kuwasalimia nilimkuta kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, amekwisha kufungua nusu ya injini kabla hajamwuliza opereta ilizima vipi. Nilinyamaza, maana mstaafu akisema sana huambiwa amekosa kazi ya kufanya. Nilipofika nyumbani nikatafuta karatasi.

Habari za vyeo siandiki. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za mitambo na za watu walioiendesha, na hasa habari ya mtambo mmoja kule Handeni ambao nusura umpeleke mtu mwema pabaya.

Nilianza kazi Uhuru ukiwa bado mbichi, katika shamba la mkonge upande wa Mazinde. Siku yangu ya kwanza nilivaa suruali iliyopigwa pasi, nikidhani fundi ni mtu wa kusimama na kuonyesha kwa kidole. Nikapewa ndoo ya mafuta ya taa na lundo la vyuma vyeusi, nikaambiwa nioshe. Niliosha mpaka mvua zikaja zikaondoka. Suruali ile haikupata tena kujulikana rangi yake. Lakini chuma ukikiosha kila siku unakijua kama ndugu yako, na ndiyo maana mpaka leo naweza kushika kidude gizani nikakwambia kimetoka upande gani wa injini.

Pale shambani katani ilikuwa kila kitu. Ilikuwa kamba, ilikuwa brashi, ilikuwa tambara la kufutia mikono, ilikuwa kizibo cha pipa. Bomba likivuja kwenye nyuzi zake tulilizungushia singa za katani, tukakaza, likanyamaza. Hatukuona ajabu yoyote. Mtu aliyekulia katikati ya mkonge huona katani kama mvuvi anavyoona samaki, kitu kilichopo tu.

Huko ndiko nilikomjua Mzee Semkiwa. Alikuwa opereta wa katapila la shamba, Mzigua wa Handeni, mrefu, mpole, asiyekosa swala. Alikuwa akizungumza na watu kwa Kiswahili na mashine kwa Kizigua, na ukimwuliza sababu alisema mashine ndizo zinazomwelewa zaidi. Hakupata kunidharau kwa sababu ya ndoo yangu ya mafuta ya taa. Mchana alinigawia muhogo wake na kunieleza kwa nini katapila lilikuwa linakohoa asubuhi ile. Nilimpenda kama baba mdogo.

Baada ya Azimio la Arusha tulihamia serikalini, yeye na mimi, kila mmoja kwa njia yake, tukakutana tena Korogwe. Karakana yetu ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, na Fundi Mbwambo. Mbwambo alikuwa Mpare mfupi mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua la Februari, na njiti ya kiberiti mdomoni. Yeye ndiye aliyeniambia niweke mikono mfukoni. Nilipouliza niiweke mpaka lini, akajibu, "Mpaka uwe na swali. Fundi asiye na swali ni mwizi wa spana."

Miaka ile ndipo zilipoanza kuletwa eskaveta za haidroliki, zile ambazo watu wa vijijini waliziita vijiko. Tulizoea mitambo ya kuchimba kwa kamba za waya, ambayo ukiitazama unaona kila kinachovuta na kinachovutwa. Hizi mpya zilificha siri zao ndani ya mabomba ya mpira. Mbwambo alitukusanya akatufafanulia kwa namna ambayo sijaisahau. "Injini haichimbi," akasema. "Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta ndiyo yanayochimba. Hiyo ni ndoa. Ukiona nyumba ina ugomvi, usiseme tu kwamba nyumba ina ugomvi. Uliza: mume haleti, au mke anadai kupita kiasi?"

Tulicheka, lakini humo ndimo ilimo elimu yote ya mtambo unaozima ukipewa mzigo. Ukiuacha ukinguruma bure, unakaa mchana kutwa. Ukiinua mkono mtupu, hausemi kitu. Ukizamisha ndoo ardhini, unakufa. Basi ama injini haitoi nguvu zake, ama pampu inadai nguvu ambazo injini haikuumbwa kuzitoa. Kabla hujafungua hata boliti moja, tazama bomba la moshi wakati inakufa. Ikifa huku inatoa moshi mweusi mzito na kugumia, imelemewa, au imekosa hewa. Ikifa kimya, moshi ukipungua badala ya kuongezeka, hiyo ina njaa. Dizeli haifiki.

Kesi ya kwanza niliyotatua mwenyewe ilikuwa Kabuku, kwenye matengenezo ya barabara. Moshi mweusi, injini ikilia kama inakabwa. Opereta kijana alikuwa amekaza ile vali inayoachia presha ya mafuta ikizidi, ili apate nguvu zaidi kuliko wenzake. Nguvu alipata, ila hakuna injini ya kuzilipia. Nilifunga geji, nikairudisha vali mahali pake, na kijana akaninunia mpaka jioni kwa kumpunguzia ushujaa. Kesi ya pili ilikuwa Mombo, karibu na mahali mabasi yanaposimama. Opereta alikuwa ameufunika mdomo wa kuvutia hewa kwa gunia lililolowekwa mafuta, ati kuzuia vumbi, na vumbi kweli halikuingia, wala hewa. Nililitoa gunia huku abiria wa mabasi wakiwa na mahindi ya kuchoma mkononi wananielekeza. Abiria wa Mombo wana shahada ya kila kitu mpaka basi lao lipige honi.

Kwa hiyo nilipoitwa Handeni nilikuwa na kichwa kikubwa kidogo, na sioni haya kukiri kwamba kilikuwa na haki.

Kile kilikuwa kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa kwenye nyika kavu. Watu walikuwa wametolewa kwenye mabonde yao yenye visima vya kuchota kwa kata, wakapangwa kwenye mstari ulionyooka, nyumba baada ya nyumba, wakaahidiwa maji. Wafugaji wa upande ule nao wakaahidiwa hayo hayo. Serikali ikaleta eskaveta ichimbe lambo kabla ya mvua za vuli, ili mvua zikishuka zilijaze. Opereta aliyeletwa nayo alikuwa Mzee Semkiwa. Lakini mtambo ukawa unazima. Unachimba kidogo, unakufa. Unawashwa, unakubali, unachimba kidogo, unakufa tena. Mwenzetu mmoja alikwisha kwenda akabadilisha machujio na kutoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, akarudi akisema umepona. Ulikuwa umepona mpaka alipoufikia mji.

Hali ilikuwa mbaya kuliko inavyosikika. Mvua zikishuka shimo likiwa halijapata kina, maji yangesimama kama ya bata na kukauka kabla ya kiangazi kuanza, na tope lisingekiruhusu kijiko chochote kuingia mpaka mwaka mwingine. Kijiji kingevunjika, watu wakarudi mabondeni kimyakimya. Wafugaji wangeshusha ng'ombe mpaka mto Pangani, wakipita katikati ya mashamba ya mahindi ya watu, na mnajua mambo hayo huishia wapi.

Fundi Mbwambo alikuwa na homa, akanituma mimi. "Nenda," akasema, amejifunika blanketi na kofia yake kichwani. "Ukifika mahali huelewi, kaa chini ule, halafu uulize upya."

Nilimkuta Mzee Semkiwa amekaa peke yake kwenye kivuli cha mtambo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa. Hakuniuliza habari za Korogwe, hakunitania kuhusu ndoo yangu ya mafuta ya taa kama kawaida yake.

"Kuna nini, mzee?"

"Wanasema nahujumu," akasema.

Vijana wa leo neno hilo mnalitumia mtu akificha kikombe cha chai ofisini. Wakati ule halikuwa neno la mzaha. Mhujumu alikuwa adui wa taifa, na akichukuliwa hakuna aliyethubutu kuuliza atarudi lini. Sababu waliyotoa ilikuwa moja: huyu mzee alimtumikia mzungu wa mkonge miaka mingi, basi ameachwa makusudi ili aharibu mali ya wananchi. Mtambo unazima akiwa yeye kwenye kiti, na hakuna opereta mwingine. Katibu wa kijiji alikwisha kutuma habari wilayani, na Landrover ya kumchukua ilikuwa inasubiriwa.

"Nimechimba mashimo ya watu wengine maisha yangu yote," Mzee Semkiwa akaniambia. "Hili ni la kwetu. Nihujumu kwa faida gani, mwanangu?" Roho iliniuma, na hasira ikanipanda kwa watu nisiowajua bado.

Katibu alikuja muda si mrefu. Nilimtegemea mtu wa kufoka, nikamwona kijana mwembamba, mwalimu wa zamani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wakubwa wake walimwuliza habari za lambo kila gari lilipopita, na kila asubuhi akina mama walipita mlangoni kwake na ndoo tupu. Siku ile alikuwa ameongozana na mfugaji mmoja, Mzee Lembris, aliyeegemea fimbo yake.

"Ndugu fundi," Katibu akasema, "nataka ukweli. Mtambo huu ni mgonjwa au unafanywa mgonjwa?"

"Nipe nafasi niutazame."

"Umetazamwa sana," Mzee Lembris akaingilia. "Ng'ombe hawanywi kutazama."

Nikaweka mikono mfukoni. Nikamwomba Mzee Semkiwa awashe, achimbe kama kawaida, nami nikakaa nikiangalia bomba la moshi. Mtambo ulichimba vizuri, tena kwa nguvu, ndoo baada ya ndoo. Halafu sauti ikaanza kufifia. Moshi haukuongezeka, ulipungua. Ndoo ikasimama katikati ya udongo, injini ikakata roho kimya. Nikajua ni njaa. Hata hivyo nilifunga geji nikapima presha ya mafuta ya haidroliki, maana kujua si sawa na kuhakikisha, nikakuta pampu haidai zaidi ya haki yake. Mke hana kosa, nikajisemea. Mume haleti.

Katibu alikuwa akifuata kila nilichofanya. Kwa ghafla akasema, "Mzee, shuka. Nielekeze nichimbe mwenyewe."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna. Mzee Semkiwa akashuka, akamwonyesha mikono ya kushika, huu unainua, huu unakunja. Katibu alikwaruza ardhi kama kuku, akaipiga ndoo ubavuni mwa shimo, lakini hatimaye ikazama, na injini ikafa chini yake vile vile. Akateremka akiwa amelowa jasho.

"Na kwangu imezima," akasema.

"Umeona basi," nikasema, moyo ukinipaa.

"Nimeona. Lakini mtambo ulioharibiwa jana, leo utazima kwa yeyote. Hilo halimtoi hatiani."

Alikuwa amesema sawa. Kijana yule alikuwa na akili, na siku ile nilitamani angekuwa mjinga kidogo.

Nikala. Mama mmoja aliniletea ugali na mlenda, nikala polepole kama nilivyoagizwa, nikauliza upya. Machujio nimeyafungua, ni masafi. Pampu ndogo ya kuvutia dizeli nimeipiga kwa mkono, inatema vizuri. Kifuniko cha tangi nimekilegeza, tangi lipate kupumua, bado inazima. Upepo nimetoa. Kilichobaki ni tangi lenyewe, nalo lina dizeli tele, nimeiona kwa macho yangu. Mtu anakufaje njaa na chungu kimejaa?

Nikachukua dumu safi, nikalijaza dizeli, nikalifunga juu ya paa la kibanda cha opereta na kuunganisha mpira kutoka humo moja kwa moja mpaka kwenye pampu ndogo, tangi nikaliruka kabisa. "Chimba, mzee," nikasema. Mzee Semkiwa akachimba. Watu wakasubiri izime. Haikuzima. Tukaongeza dizeli kwenye dumu, akachimba, udongo ukapanda kando kama kichuguu, na watoto wakaanza kupiga kelele za furaha. Hata Mzee Lembris aliacha kuegemea fimbo.

Basi ugonjwa ulikuwa tangini. Nilifungua kizibo cha chini, tukakinga dizeli yote kwenye mapipa, kisha nikaingiza mkono kwa juu. Vidole vikagusa kitu laini, kinachoteleza, kama nywele za mtu. Nikakitoa. Kilikuwa donge la nyuzi, refu, limeloa, na nyuzi nyingine zilikuwa zimezunguka mdomo wa bomba la kunyonyea.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Injini ikinguruma bure hunywa kidogo, nyuzi zinaelea tu. Ikipewa mzigo hunyonya kwa nguvu, nyuzi zinavutwa zinaziba mdomo wa bomba, injini inakufa. Ikishakufa hakuna kinachonyonya, nyuzi zinaachia, zinaelea zikaenda zake. Fundi akija anakuta njia nyeupe. Nilifurahi furaha ya fundi, ambayo ni furaha ya kijinga kwa sababu haiangalii pembeni. Nikaliinua donge watu walione.

Hakuna aliyeshangilia. Katibu alilichukua, akalikamua, akalinyoosha kati ya vidole.

"Katani," akasema.

Kisha akamtazama Mzee Semkiwa. Watu wote wakamtazama Mzee Semkiwa, mtu wa shamba la katani. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuja kumwokoa, nami nimempa mshitaki wake ushahidi mkononi. Niliona midomo ya mzee ikicheza, sijui alisoma dua au alikosa maneno. Kama ningeweza ningelirudisha donge lile tangini na kufunga kifuniko.

"Katani haioti tangini," Katibu akasema. "Mtu ameitia. Nani?"

Kabla yeyote hajajibu, sauti ya mama ilisikika kutoka njia ya stoo ya kijiji. "Haya, haya, pisheni! Pipa liko wapi? Mzee Semkiwa, leo umekunywa kiasi gani?"

Alikuwa Mama Zaina, kiongozi wa akina mama wa kijiji na mshika ufunguo wa stoo. Dizeli ilikuwa chini yake, kwa sababu walimwamini kuliko mwanamume yeyote pale, na kila siku jioni yeye ndiye aliyesimamia kujaza tangi. Alikuja na faneli kubwa ya bati kichwani. Alipoishusha, tuliona sote kilichokuwa ndani yake: kitita cha katani, nyeupe, safi, imechanwa vizuri kama nywele za bibi harusi, imeshindiliwa kwenye shingo ya faneli.

Katibu alilitazama donge mkononi mwake, kisha faneli.

"Mbona mnanitolea macho?" akauliza. "Nimevaa kinyume?"

"Mama Zaina," Mzee Semkiwa akasema taratibu, "leo usichuje."

"Nisichuje? Si wewe uliyeniambia mapipa haya yana kutu, dizeli ichujwe kila siku, mashine ni yetu tuitunze?"

"Nilisema kwa kitambaa."

"Kitambaa!" Mama Zaina akacheka. "Kitambaa kiko wapi, baba? Tangu tuhamie hapa duka la kijiji limeona kitambaa? Watu wanazikwa kwa shida. Nikasema katani ipo, tena nzuri. Nimeiosha mwenyewe, nimeianika, nimeichana. Kila siku natia mpya. Hata pombe ya mfalme haichujwi hivyo."

Sikutaka kumwaibisha, lakini kulikuwa na mzee ambaye shingo yake ilikuwa hatarini. Nikaomba sufuria nyeupe. Nikaiweka chini ya faneli, nikamimina dizeli kupitia kwenye ile katani safi, na tukainama kuangalia. Kutu ilibaki juu, kweli. Lakini chini, kwenye dizeli iliyopita, vilikuwa vinaelea vinyuzi vifupi, vyembamba, vinang'aa. Siku moja si kitu. Kila siku, kwa siku nyingi, ni donge.

Mama Zaina aliangalia sufuria, akaangalia donge mkononi mwa Katibu, akaangalia shimo. Akakaa chini pale pale vumbini na kujifunika uso kwa upande wa khanga. "Ni mimi," akasema. "Mimi na mikono yangu nimewanyima watoto maji." Akalia, mama yule ambaye kijiji kizima kilimwogopa kidogo.

Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulimsikia: "Kumbe mhujumu ni yeye."

Mzee Semkiwa, ambaye angeweza kunyamaza na kwenda nyumbani huru, akapiga hatua mbele. "Ndugu Katibu," akasema, "anayechuja ni aliyeagizwa. Aliyemwagiza ni mimi. Kama unapeleka jina, jina la kwanza lilikwisha kwenda. Usiongeze la pili."

Katibu aligeuka akaenda zake nyumbani, nasi tukabaki tumesimama kama watu waliosahau njia. Nilifikiri amekwenda kumtuma mtu wilayani. Alirudi na shati jeupe la mikono mirefu, lile ambalo, baadaye niliambiwa, alilivaa akipokea wageni wakubwa tu, na hakuwa na jingine. Akachuchumaa mbele ya Mama Zaina.

"Hiki ni kitambaa," akasema. "Lichane."

Mama Zaina alilichana huku bado anapangusa machozi. Tulisafisha tangi, tukapuliza mabomba, tukajaza dizeli iliyochujwa kwa shati la Katibu, na Mzee Semkiwa akaingia shimoni. Sikurudi Korogwe. Nilijipa sababu kwamba nauangalia mtambo, lakini nilikuwa nawaza Landrover. Habari ya hujuma ilikuwa imekwisha kufika wilayani, na habari ya namna ile kuipeleka ni rahisi, kuirudisha ndiyo kazi. Katibu mwenyewe hakuwa amesema neno lolote kwa mzee tangu siku ile. Mzee naye hakuuliza. Alichimba tu, na usiku hakulala. Nilimsikia akigeuka kwenye kitanda chake cha kamba.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yanajikusanya upande wa milima siku Landrover ilipofika. Walishuka watu wawili, mmoja amevaa sare. Katibu aliwapokea ukingoni mwa lambo, akiwa amevaa fulana, na kijiji kikasogea. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno. Chini shimoni Mzee Semkiwa alikuwa anakata upande wa mwisho, mgongo umetuelekea.

"Mhujumu yuko wapi?" mwenye sare akauliza.

Ilikuwa rahisi kwa Katibu kusema fundi amekuja, mtambo umepona, shauri limekwisha. Wangeondoka, na yeye angebaki na heshima yake. Badala yake alipandisha sauti ili watu wote wasikie. "Hakuna mhujumu hapa. Nilikosea. Nilimsingizia mtu mwaminifu mbele ya kijiji, na mbele ya kijiji namwomba radhi. Mzee Semkiwa, nisamehe."

Nimefanya kazi chini ya watu wengi wenye madaraka, kabla yake na baada yake, na sijapata kusikia tena maneno hayo kutoka kwa yeyote kati yao. Watu waligeuka wote kutazama shimoni. Mama Zaina alishika kichwa. Mzee Semkiwa hakugeuka. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, haikutetereka hata kidogo, na yeye alizamisha ndoo, akaijaza, akaimwaga, akarudi kwa nyingine. Watu wa Landrover waliagana na Katibu, wakaondoka.

Jioni nilimwambia. Nilimweleza neno kwa neno, na alinisikiliza akinawa mikono, akanitazama kwa huruma.

"Wewe mtoto mwema," akasema. "Unanibembeleza ili nilale."

Katibu alihamishwa wiki ile ile, kabla yeye na mzee hawajakaa pamoja. Mama Zaina naye alimwambia, mzee akasema tumepatana kumfariji. Lambo lilijaa. Mzee Semkiwa alifariki akiamini kwamba aliachiwa tu kwa sababu mtambo ulipona. Nimekaa maisha yangu yote ya kazi nikihangaika injini zisizime, na ile ndiyo mara moja tu niliyotamani moja izime, japo kwa muda wa mtu kusema nisamehe.